Mkunga na Sigara Zake Nne

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka mkunga aliyezikwa Jumamosi, akiwa na miaka sitini na minane. Wajawazito walimbandika jina la Mama Unavuta. Kila aliyefika kliniki, kabla hata ya kupanda kwenye mizani, aliulizwa: “Mwanangu, tumbaku unavuta, unanusa au unatafuna?” Wengine walicheka. Yeye alingoja jibu.

Mkunga huyu naye alikuwa akivuta. Narudia: alikuwa akivuta. Akiwa muuguzi kijana, na mimba yake ya kwanza, alijibanza nyuma ya chumba cha kufulia mashuka akavuta sigara nne kwa siku. Alijua moshi unaharibu mapafu yake. Madhara kwa mtoto tumboni hakuyajua.

Binti alizaliwa na kilo mbili na robo. Alikuwa mchangamfu, ila kutulia kulimshinda. Darasa la pili alilirudia. Jioni mama alikaa naye mezani kufanya hesabu, na binti akikosea, daftari lilimshukia kichwani. Mama alimwita mvivu.

Binti akiwa na miaka kumi na miwili, mama alihudhuria semina kazini. Daktari alieleza kwamba nikotini hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto wakati ubongo wake ungali unajengwa. Inaweza kuvuruga ujenzi huo, na baadaye mtoto akapata shida ya kutulia na kujifunza. Mkunga alitoka, akakaa kwenye ngazi. Kisha alimfuata daktari akamuuliza kama ni yeye aliyemfanya binti yake hivyo. Daktari hakumficha: hatari huongezeka, lakini kwa mtoto mmoja hakuna awezaye kuapa kwamba chanzo ni sigara.

Sigara aliziacha, ingawa alizirudia mara tatu kabla hajazishinda. Daftari hakuliinua tena. Lakini ukweli aliufungia moyoni miaka saba.

Binti, ambaye leo ni fundi wa kushona sare za shule, ametusimulia siku mama alipofungua kinywa. Walikuwa wakikunja nguo. Mama alisema yote, akaomba radhi. Binti aliendelea kukunja mpaka nguo zikaisha.

“Mama,” akasema, “ya sigara hukuyajua. Daftari ulilishika mwenyewe.”

Mama alilia. Binti akamshika mkono. “Nimekusamehe. Ila ukiwaambia wajawazito wako, waambie yote mawili.”

Akawaambia yote mawili, hadi alipostaafu. Mwuza vitambaa mmoja, aliyeacha ugoro akiwa na mimba ya miezi mitatu, alitueleza pale msibani: “Hakunigombeza. Alianza na aibu yake.”

Kwa mumewe, na kwako binti yake, poleni sana. Mungu awape subira. Nasi wasikilizaji, tumfikirie mjamzito anayejificha ili avute, na mtoto asiyetulia pale mezani kwetu. Leo tukiwafikia, tuketi nao, tuwaulize kwa upole, halafu tusikilize.