Donat Kabulo Numbi (1956–2025): Alitoka kwa Mlango Alioutengeneza Mwenyewe

Papa Donat Kabulo Numbi alizaliwa Kamina tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa nne wa Numbi Mwaba, fundi wa reli, na Mama Léa Kyungu. Alisoma shule ya msingi hapo Kamina, kisha akaja Lubumbashi kwa mjomba wake, na mwaka 1975 akamaliza masomo ya useremala. Walimu wake walimwona mgumu: hakupiga msumari mpaka aelezwe kwa nini unapigwa hapo.

Mwaka 1979 alifungua atelie, karakana yake ya useremala, katika komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Alitengeneza vitanda, milango na viti vya makanisa mengi. Miaka ya baadaye, alipokuwa ameongoka, gundi ilipokuwa ikikauka aliwasomesha mafundi wake Maandiko. Mtu akitaja mstari mmoja, Papa aliuliza wa mbele yake unasema nini, na wa nyuma yake. Kuna mteja aliyetaja mstari juu ya kuomba na kupewa ili apate kitanda kabla ya zamu yake. Papa alimsomea sura nzima, polepole, huku wengine wakibeba vitanda vyao na kuondoka.

Jumamosi tarehe 8 Agosti 1981 alimuoa Mama Virginie Ngoie, wakapata watoto watatu. Waliongoka pamoja mwaka 1992. Mwaka 2009 walitoa nusu ya parseli yao, kiwanja chao cha Kasungami, ili kanisa lijengwe. Hati ziliandikwa kwa jina la kanisa. Papa alitengeneza mlango na viti kwa mikono yake, akawekwa mzee wa kanisa. Mama akawa kiongozi wa kundi la wamama.

Hapa tunataja kosa lake, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha. Desturi yetu ni kwamba mhubiri anayetoka kanisa lingine hubeba barua ya wazee wake wa zamani. Mwaka 2014 alifika mtu aliyejiita nabii, bila barua. Alifunga siku nyingi na kuhubiri kwa machozi. Papa, ambaye alidai barua hata kwa waimbaji wa kwaya, alisema itakuja baadaye. Papa mwenyewe alimwekea mikono kuwa mhubiri wa kanisa. Barua haijafika hata leo.

Mwezi wa Mei 2018, mke wa Franck, mwana wa pili wa Papa, alifariki kwa malaria. Jumapili tarehe 12 Agosti, mbele ya kanisa lote, nabii alisema kwamba Keren, binti wa Franck mwenye miaka saba, ndiye aliyemla mama yake kwa uchawi. Aliagiza mtoto afungiwe katika chumba cha maombi siku tano, bila chakula wala maji. Franck alikubali. Ameomba yeye mwenyewe jambo hili liandikwe.

Papa alitoka katika kiti cha wazee, akamshika Keren mkono.

“Huyu mutoto haiko muloji, haiko muchawi,” alisema. “Iko na kilio ya mama yake. Kama munatafuta muntu wa kufunga, munifunge miye, juu ni miye nilikuweka hapa bila barua.”

Nabii akamjibu: “Papa Donat, ukitoka na ule mulango, hautarudia.”

“Ule mulango ni miye nilitengeneza. Najua vile unafunguka.”

Alitoka na mtoto. Hakuna mwingine aliyetoka.

Kumfuata Kristo kulimgharimu Papa karibu kila kitu alichokuwa amekijenga. Waumini waliacha kununua kwake. Kwenye bomba la maji waliimba nyuma yake kwamba babu amejifunza uchawi kwa mjukuu. Mwanasheria rafiki yake alimshauri adai parseli. Alikataa, akisema alimpa Mungu, na hawezi kumnyang'anya Mungu kwa sababu mwizi ameingia ndani. Mama Virginie alibaki katika kanisa lile miezi kumi na moja. Walikula meza moja, lakini Jumapili kila mmoja alishika njia yake. Papa hakumgombeza. Alianza ibada katika atelie, watu wanne chini ya hema la plastiki, na akaenda nyumba kwa nyumba kuonya wazazi waliokuwa wameambiwa watoto wao ni wachawi.

Kisha Jumapili moja nabii aliomba, mbele ya wote, Papa Donat afe kabla mwaka haujaisha. Mama aliinuka katikati ya “amina”, akarudi nyumbani, akavua kitenge cha kundi la wamama na kumpa mume wake.

“Chukua,” alisema. “Iko ya kupangusia vernis ya viti.”

Leo watu wa ile atelie ni zaidi ya sitini, na hakuna mhubiri anayesimama pale bila barua.

Mwezi wa Juni 2024 madaktari waligundua kwamba figo zake zilikuwa zimechoka. Nabii alituma neno kwamba ugonjwa ni tunda la uasi, na kwamba akirudi kupakwa mafuta atapona. Papa alikunywa dawa zake, akaomba, hakurudi. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 68.

Jana wajumbe wawili wa kanisa lile walifika kwenye kilio. Walisema watamzika kama mwanzilishi, kwa kwaya na wamama wote katika vitenge, kwa masharti mawili: karatasi hii iseme kwamba alitubu na kurudi, na Keren asitembee mbele ya jeneza na msalaba. Wengine kati yetu tulikaribia kukubali, maana kuzikwa bila kwaya ni aibu kwetu. Mama Virginie aliwapa viti, akawapa maji, kisha akawajibu: “Andikeni yenu. Sisi tutaandika venye ilikuwa.”

Papa ameacha mjane, Mama Virginie. Watoto Claudine, Franck na Caleb, anayesoma maneno haya. Dada yake Brigitte, wa Kamina. Na wajukuu saba. Mkubwa wao ni Keren, mwenye miaka kumi na mitatu, aliyeshika msalaba hapa mbele yenu.

Hakurudi. Bwana aliyemfuata ampe pumziko.