Mama Hodi wa Geti la Chini Apumzika

Tarehe 30 Juni 2025, saa kumi na mbili jioni, Bi. Yudita Simkoko alikabidhi filimbi, tochi na funguo za geti la chini la Chuo cha Biashara na Forodha Mwangaza, hapa Tunduma, baada ya kulilinda kwa miaka thelathini na mitatu kamili. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1992. Katika miaka yote hiyo alichelewa kazini mara moja tu, na hadi leo anashikilia kwamba saa ya ukutani ndiyo iliyokuwa mbele.

Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu wake. Nimeambiwa niandike kwa staha na nipunguze utani. Staha nitajitahidi.

Yudita ni mtoto wa tano katika familia ya wakulima wa kahawa wa Nanyala. Alikuja Tunduma kumsalimia shangazi yake kwa wiki moja, na wiki hiyo haijaisha mpaka sasa. Siku ya tatu aliona tangazo la nafasi ya mlinzi, akaenda kwenye usaili akiwa amevaa kitenge cha shangazi. Wazee wa usaili hawakutegemea kumwona mwanamke. Wakamuuliza mwizi akija atafanya nini. Alijibu kwamba atamuuliza jina lake na jina la baba yake, maana kwao Nanyala mwizi akishaulizwa baba yake ni nani hakai tena. Wazee walicheka mpaka wakasahau maswali mengine. Jumatano akaanza kazi.

Enzi hizo kazi ilikuwa nyepesi. Chuo kilikuwa na madarasa mawili, na gari lilikuwa moja tu, la Mkuu wa Chuo. Likiegeshwa nje, watoto wa Mtaa wa Mlimani walikuja kujitazama kwenye vioo vyake. Geti la chini, linalotazama nyumba za watu, lilipitisha ng'ombe wengi kuliko magari.

Mambo yalibadilika mwaka 2012 tulipoanzisha masomo ya jioni. Wakaja mawakala wa forodha, wakaja wafanyabiashara, wakaja na wenzetu wa ng'ambo ya mpaka kutoka Nakonde, na kila mmoja na gari lake. Barabara kuu ilikuwa imejaa foleni ya malori, kwa hiyo wote walikatiza kwenye mtaa wetu, ambao upana wake ni wa magari mawili yanayopendana. Ikifika saa kumi na moja jioni, hata kuku alifikiri mara mbili kabla ya kuvuka. Watu waliegesha juu ya mitaro, chini ya kamba za nguo, na bwana mmoja aliegesha juu ya turubai la mahindi ya Mama Sekela, mahindi yakiwa juu yake. Mama Sekela alimsubiri kwenye boneti la gari hilo mpaka kipindi kilipoisha, na yaliyosemwa pale hayafai kuandikwa kwenye jarida la chuo.

Yudita alikuwa katikati ya yote hayo. Mchana alikuwa mlinzi wa chuo, jioni alikuwa jirani wa Mlimani, maana alikuwa amejenga nyumba yake pale pale, vyumba vitatu na sebule, mlango wa nne kutoka getini. Ndoto yake aliitangaza wazi: astaafu, apande maua mbele ya baraza, azeekee Mlimani kati ya watu anaowajua. Nusura ndoto hiyo ife.

Kwa kweli hapa nilitaka kuruka niende moja kwa moja kwenye pongezi. Lakini wasifu wa Yudita bila siku hiyo ni uongo, na mimi nimechoka na uongo.

Ilikuwa asubuhi ya Februari 2014. Mkufunzi mmoja mgeni, kijana anayejiona sana, aliegesha gari lake dogo jeupe mbele ya geti la Mzee Ezron Kibona, dereva mstaafu wa malori. Yudita alimkataza. Mkufunzi akasema anapeleka karatasi ofisini, dakika tano tu. Yudita akamwonea huruma kwa ugeni wake, akamruhusu bila kumtaka aache funguo. Ofisini mkufunzi akakuta gari la chuo linaondoka kwenda Vwawa kwenye mkutano, naye akaambiwa apande. Akapanda. Simu yake aliiacha kwenye kiti cha gari jeupe, na gari jeupe akalisahau kabisa.

Nusu saa baadaye Mzee Kibona alitoka na pikapu yake imejaa ndugu, masufuria na magunia ya unga. Alikuwa anakwenda Isongole kumzika mdogo wake. Vijana walijaribu kulibeba lile gari, wakalisukuma, wakaliimbia, halikusogea. Yudita alipita ofisi zote na madarasa yote akimtafuta mwenyewe, viatu mkononi. Pikapu ilitoka saa saba mchana, gari la chuo liliporudi kutoka Vwawa na Yudita akapata funguo za lile jeupe. Barabara ya Isongole wakati huo ilikuwa ya udongo, na Februari udongo ule ni tope tupu. Kule mvua ilikuwa imetanda, mchungaji akaona watu wasisubiri zaidi. Mzee Kibona alifika akakuta kaburi limeshafukiwa. Yeye, kaka mkubwa, hakutupa hata konzi moja ya udongo.

Gari hilo lilikuwa langu.

Mkuu wa Chuo alipotaka maelezo, Yudita aliandika mistari miwili: kwamba gari lilikuwa la mgeni, na kwamba aliyeliruhusu ni yeye. Akapewa onyo la maandishi, la kwanza na la mwisho katika faili lake. Nilipomfuata, aliniambia nikafundishe watoto wa watu, hayo mengine ni ya getini. Nami, Mungu anisamehe, nikafurahi, nikaenda zangu kufundisha.

Mtaa ulichachamaa. Kwenye mkutano wa wakazi walitaka geti la chini lijengwe ukuta, na Mkuu wa Chuo akampa Yudita muhula mmoja kutengeneza hali hiyo au geti lizibwe. Lakini hilo halikumnyima usingizi kama Mzee Kibona. Yudita alipomwendea na wanawake wenzake kumpa pole, Mzee alipokea pole za wote, ya kwake akaiacha hewani. Kesho yake asubuhi alimwamkia shikamoo, Mzee akatazama mlima. Kesho kutwa vivyo hivyo. Jamani, mtu kunyimwa marahaba na jirani, kila siku ya Mungu, si mchezo. Yudita alianza kuulizia mnunuzi wa nyumba. Alisema hawezi kuzeeka mahali ambapo salamu yake haina pa kutua.

Hata hivyo, kabla mnunuzi hajapatikana, alitunga sheria yake, na sheria hiyo ndiyo iliyompa jina la Mama Hodi. Hakuomba kibali kwa mtu. Alisimama getini na filimbi, akatangaza kwamba kuanzia leo hakuna atakayeegesha mbele ya nyumba ya mtu kabla hajaingia kupiga hodi, akaamkia, akataja jina lake, darasa analosoma na saa ya kutoka. Mwenye nyumba akikataa, tafuta pengine. Na funguo utaacha kwa mwenye nyumba. Hodi kwanza, breki baadaye, ndivyo alivyosema. Wanafunzi walinung'unika. Mawakala wa forodha walisema wao ni watu wa haraka. Yudita akawaambia haraka yao aliwahi kuiona, na ilimchelewesha mtu kaburini. Wenzetu wa Nakonde aliwaelewesha kwa Kibemba cha sokoni, akianza na salamu yao ya mulishani mukwai kwa heshima zote, halafu akimalizia na filimbi.

Walipoingia nyumbani kwa watu, mambo yakawa mengine. Wenye nyumba waligundua kwamba yale magari ya kero yalikuwa na watu ndani yake: huyu ni mtoto wa mwalimu wa Mlowo, yule ni mjane anayesomea uwakala baada ya kazi. Baada ya miezi miwili tu waliokuwa wanataka ukuta walianza kulalamika wageni wao wa jioni wakikosa kufika.

Sheria hiyo ilileta na vituko. Mwaka 2016 walikuja washenga watatu, wazee wa suti, wakaegesha nyumba mbili kabla ya nyumba waliyokuwa wanaiendea. Yudita hakuwasikiliza, akawapeleka wapige hodi. Ilikuwa kwa Mama Sekela. Mama Sekela naye ana binti, na kuona suti tatu zinaamkia kwa unyenyekevu namna ile, akachinja kuku. Wazee wa watu, kwa adabu, wakala. Ukweli ulipojulikana kuku alikuwa ameshakuwa mifupa, nao ikabidi wajikokote kwenye nyumba ya haki wakale kuku wa pili. Posa ilikubaliwa. Binti wa Mama Sekela aliolewa mwaka uliofuata na mmoja wa wapambe wa harusi hiyo hiyo, kwa hiyo Mama Sekela anasema kuku wake hakupotea.

Kwa Mzee Kibona hodi ziligonga mwamba kwa muda mrefu. Aliwasikiliza wanafunzi, akatikisa kichwa, wakatafuta pengine. Aliyemlegeza ni Eva, mwanafunzi wa jioni, aliyemkuta anachambua maharage peke yake, akakaa chini akachambua naye bila kuambiwa, na kipindi kikampita. Wiki hiyo Mzee alimfungulia Eva geti aingize gari ndani. Baadaye wakawa wawili, kisha wanne. Dereva ni dereva: Mzee aliwapanga kwa saa ya kutoka, na aliyeegesha kombo alitolewa nje akaanza upya. Wanafunzi wetu wengi walijifunza kurudisha gari nyuma kwa Mzee Kibona kuliko kwa mwalimu yeyote wa udereva.

Yudita aliendelea na shikamoo yake asubuhi kila siku, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Nasi tulimwambia aache, ajihifadhi. Akatujibu kwamba salamu ni deni la mdogo, marahaba ni la mkubwa, na yeye la kwake analilipa. Siku moja ya Mei 2018, alipoamkia kama kawaida bila hata kusimama, Mzee Kibona alijibu marahaba, kisha akamuuliza mbona leo magari ni machache, kuna nini huko chuoni. Ilikuwa sikukuu. Yudita alirudi getini mbio, akalia, akacheka, akanunua maandazi ya duka zima na kugawia kila aliyepita, wakiwemo waliokuwa hawajui wanasherehekea nini. Hakuulizia mnunuzi wa nyumba tena.

Leo geti la chini liko wazi na mtaa unapitika. Mitaa mingine miwili ya jirani imeiga hodi yake. Ametunukiwa cheti cha mfanyakazi bora mara nne, na vyeti vyote vinne amevifungia kabatini kwa sababu anasema picha zake hazikutoka vizuri. Amewafundisha walinzi wanane, na wote wanane wanajua majina ya baba za wanafunzi.

Limebaki jambo moja, na ni langu. Miaka kumi na mmoja nimepita mbele ya nyumba ya Mzee Kibona nimeinamisha kichwa. Kamati iliponipa kalamu hii niliona siwezi kumsifu Yudita huku nimejificha nyuma ya kitenge chake. Juzi nilikwenda, nikapiga hodi, nikaamkia, nikasema kwamba gari lililomzuia asimzike mdogo wake lilikuwa langu, na kwamba Yudita alinibebea. Machozi yalinitoka, sina haja ya kuficha.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema alijua tangu siku ile ile. Ameendesha malori miaka thelathini, asilitambue gari linalopita mbele yake kila siku? Alikuwa amemnunia Yudita kwa kumficha mtu, na mimi alikuwa ananisubiri nikue. Jioni ya siku ile ya marahaba ndipo alipomuuliza Yudita kwa nini alibeba mzigo usio wake, akajibiwa kwamba geti lilikuwa lake, basi na kosa lilikuwa lake. Tangu hapo, alisema, anajua jirani yake ni nani.

Akaniambia pia kwamba ameshawaagiza wanawe na kukijulisha chama cha kufa na kuzikana cha mtaa: siku yake ikifika, atakayesimama barabarani kuongoza magari ni Yudita Simkoko, na asiwekwe mtu mwingine. Nikamuuliza mimi siku hiyo nifanye nini. Mimi, alisema Mzee, nije kwa miguu.

Dada Yudita, chuo kimekustaafisha lakini Mlimani imekwisha kukuajiri, na ajira yenyewe umepewa na yule uliyedhani hatakupa hata salamu. Asante kwa geti, kwa hodi, na kwa mgongo wako. Panda maua yako mbele ya baraza, zeeka kwa raha kati ya watu wako, na Mungu amjalie Mzee Kibona afya tele, ili kazi hiyo mpya uisubiri miaka mingi, mingi sana.

Luka Mwashiuya,
Mkufunzi wa Hesabu, kwa niaba ya wafanyakazi wote