Sakafu ya Udongo wa Kichuguu

Bwana apewe sifa, watu wa Shinyanga! Itikieni kwa nguvu, wengi wenu asubuhi hii mmekunywa chai yangu!

Ndugu zangu, mimi ni Mzinza niliyeolewa Usukumani. Mume wangu alikwenda machimboni Geita, akanyamaza. Nikafungua kibanda cha chai na maandazi, mtoto wangu Leonida mgongoni. Kibanda hicho ndicho kilichotulisha.

Bwana afya wa boma akaja. Akakanyaga sakafu, vumbi likamrukia viatu. Akanipa karatasi, akasema, "Mama, weka saruji ndani ya wiki moja, la sivyo hupati leseni. Funga."

Saruji! Ningeitoa wapi? Wenye maduka makubwa wanayo, hawasumbuliwi. Sisi wadogo tuanzie wapi? Nililaani, nikalia. Lakini jirani hata mmoja sikumwambia! Nilijiona msomi wa sekondari, tena nikadhani Wasukuma watanicheka mgeni. Ndugu zangu, hicho ndicho kifungo changu!

Siku ya nne nikapiga magoti, nikamwomba Mungu ampige bwana afya. Mungu hakumpiga. Alinisukuma niisome ile karatasi vizuri. Imeandikwa: sakafu ngumu isiyoshika maji. Saruji haikutajwa popote! Nikaenda kwa jirani yangu Mama Masanja, ambaye uzio wake sikuwahi kuuvuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Msomi leo umepotea njia?"

Nikamweleza yote. Akapiga makofi. "Siku zote hizo ulitaka tuione shida yako ndotoni? Nenda kachemshe chai!"

Kulipokucha wakaja wanawake wa mtaa mzima. "Mwangaluka!" wakanisalimia Kisukuma. Vikapu vya udongo wa kichuguu kichwani, magongo ya kupondea mkononi, kama wanavyomwandalia bibi harusi nyumba. Wakamwaga, wakalowesha, wakaponda kwa wimbo. Mimi nilikuwa napiga ovyo.

Mmoja wao akaniuliza, "Mzinza, unaponda sakafu au unaua nyoka?"

Nilicheka mpaka gongo likanidondoka! Kesho yake tukasugua kwa mawe laini, sakafu ikang'aa.

Siku ya saba bwana afya akamwaga ndoo nzima ya maji. Hata tone halikuzama! Yakatiririka mpaka mlangoni, yakamlowesha soksi. Akatia sahihi. Leseni hii hapa, itazameni!

Asante Yesu! Asante Mama Masanja! Hasira juu ya masharti ya boma bado ninayo, sifichi. Lakini dada yangu mwenye cherehani, wewe uliyekaa nyuma, uliyeambiwa chumba chako hakifai: mtumaini Bwana, utuambie na sisi. Jumamosi tunakuja na magongo. Wewe chemsha chai tu.