Isaptu Anadai na Mkate

Wasikilizaji wapendwa, leo hatulii. Tunamkumbuka Isaptu, mpiga kombeo wa visiwa vya Baleari, aliyefia Libya akiudai mji wa Karthago mshahara wake. Watu wa Karthago wanamwita mwasi. Mimi namwita mtu anayedai.

Kwao mama hamkatii mtoto mkate. Anautundika juu, mtoto autungue kwa jiwe. Akikosa, analala njaa. Isaptu alipolia utotoni, mama yake, Kukuma, alimwambia: "Lia tu, baba. Mkate hauna masikio. Ukiutungua ni wako. Ukipewa, ni wa aliyekupa."

Aliipigania Karthago kwa mshahara kule Sisilia mpaka ndevu zikaota mvi. Sababu yake ilikuwa moja. Maharamia walimteka dada yake, Noriza, na walitaka fidia. Mshahara huo ndio ungemkomboa. Nilikuwa naye kambini, nikimtania: "Nyie watu wa visiwani si huwa mnalipwa divai? Haramia utampa mtungi?"

"Nitampa hata meno yako," akanijibu. "Ili mradi dada arudi."

Karthago ikashindwa vita, ikasema haina kitu cha kutulipa. Tukapiga kambi Tunes, karibu na mji wao, wauone moshi wetu. Akaja mjumbe wao na mikokoteni ya mikate. Akatangaza: "Atakayekula leo amelipwa. Asidai tena."

Njaa ilikuwa inatuuma, wasikilizaji. Mimi mwenyewe nilishanyoosha mkono.

Isaptu akachukua mkate mmoja. "Mzee, naweza kuuchomeka kwenye mkuki?"

"Uchomeke hata puani," mjumbe akasema. Watu wake wakacheka.

Akausimamisha mkuki, akaenda mbali, mkate ukaonekana mdogo kama tunda. Akafungua kombeo alilojifunga kichwani. Jiwe moja tu. Mkate ukapasuka. Akaokota vipande, akatafuna taratibu mbele ya mjumbe.

"Umekula. Umelipwa."

"Nimekula nilichotungua, mzee. Wewe hujanipa kitu. Mshahara wangu uko palepale."

Mjomba wake, Kukuta, akashika kombeo lake. "Leteni mwingine. Huo ulikuwa mdogo."

Wapiga kombeo wakatungua mikate yote. Tukala kambi nzima, na hakuna aliyelipwa. Mjumbe akarudi na mikokoteni mitupu na deni lilelile.

Ndipo vita kati yetu na Karthago vikaja. Mwisho wake walituzingira bondeni, tukala farasi, kisha hatukuwa na farasi. Askari wa Karthago wakatundika mikate ukingoni juu. "Wekeni silaha chini, mle," wakatupigia kelele.

Isaptu hakuweza kusimama. Mjomba akamshika kiuno. Akazungusha kombeo, akatupa. Mkate ukadondoka, lakini ukaangukia upande wao. Isaptu akaketi chini.

"Mjomba, huo ni wangu," akasema. "Waambie nawadai na mkate." Akafa hapo.

Wachache tulitoka bondeni wazima. Mjomba alivuka bahari kumpelekea Kukuma habari. Mama akauliza jambo moja: "Alikosa?"

"Hakukosa."

"Basi wanadaiwa."

Pole sana, mama Kukuma. Pole, mzee Kukuta. Na wewe Noriza, popote walipokuuza, kaka yako hakukusahau.

Na ninyi wasikilizaji wapendwa, likumbukeni hili. Mtu akikupa mkate badala ya haki yako, usiupokee mkononi mwake. Mwambie autundike.