Mikufu ya Kwaya Niliitunga Mimi

Kina mama wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, marahaba, nimeitikia kabla hamjasema. Nimeombwa niwaeleze wasichana wetu walioko vyuoni jinsi nilivyoanza kazi hii ya kutengeneza mapambo kwa mikono. Lakini kabla sijafika huko, niacheni nitue mzigo.

Mnakijua kile kisa cha kwaya? Ile kwaya ya hapa Ukunda iliyokwenda kuimba Msambweni ikiwa imevaa kitu shingoni? Naona mmeanza kucheka, basi mnakijua. Mimi nimekisikia saluni, nimekisikia kwenye foleni ya benki, na safari moja nilisimuliwa na dereva wa tuk-tuk aliyeapa kwamba shangazi yake alikuwemo. Kila mara nimecheka pamoja na msimuliaji. Na kila mara akiuliza, "Lakini nani aliwatungia vitu vile?" nimetikisa kichwa na kusema, "Watu wengine, jamani!"

Ndugu zangu, ni mimi.

Sisi tulitoka bara nikiwa msichana mkubwa tayari. Mama alipata kazi ya kufua katika hoteli moja ya Diani. Wageni wale walikuwa wakisahau mikufu iliyokatika ndani ya mifuko ya nguo, na shanga zikawa zinaishia kwenye mashine. Msimamizi wake alimwambia azitupe. Mama hakuzaliwa kutupa kitu. Aliniletea nyumbani, zimefungwa kwenye pembe ya leso, pamoja na vifungo vilivyong'oka. Akaniambia, "Shika, uchezee."

Wakati huo nilikuwa nasoma uhasibu Mombasa. Uhasibu aliuchagua Mama, ambaye katika mawazo yake alikuwa ameshaniketisha kwenye meza ya benki, mbele ya kioo, na yeye amekuja kunisalimia huku watu wakitazama. Sikuweza kumwambia kwamba mhadhara ukianza, roho yangu ilikuwa inakauka kama nguo aliyoisahau juani. Basi nikawa nakaa viti vya nyuma, mkono mmoja unanakili, mwingine chini ya meza unatunga shanga kwenye mshipi wa kuvulia samaki. Nawaambia, ule mkono wa chini ya meza ndio ulionibakisha chuoni.

Rafiki mmoja akataka bangili. Mwingine akataka herini. Nikajifunza kukata kifuu cha nazi na kukisugua kwa msasa mpaka king'ae. Kisha kichwa kikavimba. Nikachapisha kadi zilizoandikwa "Mbunifu wa Vito". Vito! Nilikuwa na vifuu na vifungo vya mashati ya watalii.

Hapo ndipo mwalimu wetu wa kwaya aliponijia. Alikuwa mama wa bara kama sisi, mpokeaji wageni hotelini, mwenye sauti ya kumsimamisha mtu ng'ambo ya barabara. Kwaya yake ya kina mama ilikuwa imealikwa Msambweni, kwenye mkutano mkubwa wa wanawake wa dini zote. Alitaka waimbaji wote wavae pambo la namna moja. "Kitu cha kipwani," akasisitiza. "Wenyewe wakituona wajue tumewaheshimu."

Nikaenda sokoni kutafuta hicho kitu cha kipwani. Karibu na wauza mchicha alikuwako bibi mmoja anayeuza udi na hina. Pembeni yake, ndani ya gazeti lililokunjwa, niliona nyuzi za shanga ndogo ndogo, nyeupe na nyekundu, zinazolia kidogo ukizigusa. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.

"Shikamoo, bibi. Hizi ni za nini?"

"Marahaba. Za kuvaa, mwanangu."

"Za kuvaa wapi?"

Akamtazama muuza mchicha, ambaye alikuwa mwanamume na alikuwa anatusikiliza. Akashusha sauti. "Mwilini."

"Mwilini," nikarudia, kama mtu anayenakili mhadhara.

"Kwani waolewa?"

"Hapana, bibi. Nasoma chuo kikuu."

"Haya," akasema. "Mungu akujaalie na hilo."

Mtu mwenye akili angeuliza mwilini sehemu gani. Mimi nilikuwa msomi. Shingo si mwili? Nikanunua uzi mmoja wa mfano, nikatunga mikufu mingine kama ule, mirefu, safu juu ya safu, mpaka vidole vikapasuka. Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Mama mwenyewe aliunyanyua mmoja kwenye mwanga akasema, "Kumbe ulikuwa huchezi."

Siku ya mkutano kwaya ilipanga mstari jukwaani, mikufu ikiwaning'inia mpaka tumboni. Mimi nilisimama pembeni na kadi zangu mkononi, tayari kugawa. Wimbo ukaanza. Safu ya mbele ya kina mama wenyeji wakatazamana. Mmoja akajifunika uso kwa leso. Mwingine mabega yakaanza kutikisika. Kisha kutoka nyuma ikapanda sauti: "Shusheni! Jamani, shusheni!"

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa muziki. Akadhani tumeanzia juu mno. Akawageukia waimbaji, akawashushia sauti.

"Bado! Shusheni zaidi!"

Akashusha tena. Sauti ya kwanza sasa ilikuwa inanguruma kama wanaume. Ukumbi ukapasuka. Wengine vigelegele, wengine wameinama wanapiga mapaja. "Mwenzangu," nikamsikia mama mmoja karibu yangu, "hawa wamekuja na chumba kizima, wamesahau kitanda tu!"

Mwenyekiti wa wenyeji, mama mpole sana, akapanda jukwaani, akamfunga mwalimu wetu leso shingoni, akamnong'oneza. Nililiona lile nong'ono likimwingia. Alikuwa anamwambia, kama nilivyoelezwa baadaye, kwamba ule ni utunda, shanga za kiunoni, ambazo mke huzivaa ndani ya nguo na mumewe peke yake ndiye huzisikia. Nilitoka nje, kadi zangu nikazitia kwenye kichaka.

Kesho yake mwalimu wa kwaya alileta mikufu yote nyumbani kwetu ndani ya gunia la unga. "Aki wewe," akasema, na ile sauti yake yote ilikuwa imekwisha, "umetuanika chumba cha kulala mbele ya mkutano."

Mama alingoja mpaka ameondoka. "Nilikuletea shanga uchezee," akasema. "Sikukutuma ukatuvue nguo. Rudi kwenye vitabu."

Nikarudi. Gunia likaenda chini ya kitanda. Darasani nikawa naweka mikono yote miwili juu ya meza kama mwanafunzi mwema, na alama zangu zikaanguka. Leo nacheka, lakini wakati ule haikuwa kichekesho. Kile ndicho kitu pekee kilichokuwa changu, ambacho hakuna aliyenichagulia, na nilikuwa nimekichafua kwa mikono yangu. Asubuhi moja nilimwambia Mama siendi tena chuoni. Nikalala, uso nimeuelekeza ukutani. Aliondoka kwenda kazini.

Jioni aliporudi, nilikuwa bado vilevile. Nilisikia anaketi kitandani, kisha kitu kidogo kikamwagika kwenye shuka nyuma ya mgongo wangu.

"Mashine imetoa hizi leo," akasema. "Nizitupe?"

Ndugu zangu, Mama hakuwahi katika maisha yake kuuliza kama atupe kitu. Nililala pale nikilisikiliza lile swali. Nikajua kwamba nikisema "tupa", atatupa, na hataleta tena.

"Usizitupe," nikasema.

Asubuhi nilikwenda sokoni, gunia begani. Yule bibi wa udi aliponiona, alijishika mdomo, maana kisa kilikuwa kimemfikia.

"Bibi, mbona hukuniambia?"

"Si nilikwambia za mwilini? Na mwanamume yule kasimama pale, ulitaka nikuchoree?" Akacheka, kisha akaacha. "Na mimi nilikosa, mwanangu. Ningekuvuta kando." Akatia mkono ndani ya gunia, akautoa uzi mmoja, akauvuta kwa nguvu. "Fundo hili nani kafunga? Langu hukatika. Hili halikatiki."

Lile ndilo neno la kwanza jema nililolisikia tangu Msambweni. Nilimfundisha fundo langu pale pale, kati ya udi na mchicha, naye akanieleza shanga gani zinakaa wapi na kwa nini. Safari hii niliuliza mpaka muuza mchicha akaona haya, akaondoka mwenyewe.

Kisha nikaanza kufumua. Kutwa chuoni, jioni kufumua. Uzi kwa uzi nikazigeuza kuwa mikufu mifupi ya kukaa shingoni kabisa, yenye kipande cha kifuu katikati. Nilimpelekea mwalimu wa kwaya mmoja wa mfano. Akaushika kama anayeshika nyoka. "Nitafikiria," akasema, akafunga mlango. Sikumlaumu. Nikarudi nyumbani nikaendelea kufumua, kwa sababu kama hawatavaa wao, mimi nilitaka nijue kwamba naweza.

Kabla sijamaliza, niseme asante. Kwa bibi wa sokoni, Mungu amrehemu. Kwa mwenyekiti yule wa Msambweni aliyetoa leso yake mwenyewe kumsitiri mgeni. Kwa Mama, ambaye benki hakuniona, lakini shahada aliiona, na karakana yangu ya mapambo ameifagia mara nyingi kuliko mimi. Na nyinyi wasichana mnaotunga chini ya meza, siwaambii acheni masomo, mimi sikuacha. Nawaambia ulizeni. Mkijibiwa kwa mkato, ulizeni tena, hata mkionekana washamba. Na kazi ikiharibika, ifumueni. Shanga hazina kosa.

Ama jinsi jambo lilivyokwisha, ni hivi. Nilikuwa sakafuni na nyuzi za mwisho, simu ikalia. Alikuwa mwalimu wa kwaya.

"Msambweni wametualika tena," akasema. "Wanadai mkutano bila sisi haunogi. Ile mifupi iko tayari?"

"Iko tayari, mwalimu."

"Inaishia wapi?"

"Shingoni. Haishuki hata kwa amri."

Kisha nikamsikia anacheka, kidogo kidogo, halafu kwa sauti yake ile yote ya zamani. "Basi lete. Tutavaa."

Nikasimama kutafuta mfuko wa kuitia. Nikadhani amekata. Kumbe bado yupo, na sauti imeshuka, kama ya bibi wa sokoni.

"Na ile mirefu, umeifumua yote?"

"Bado mmoja, mwalimu. Uliokuwa wako."

"Huo usiufumue," akasema. "Ufunge kwenye gazeti, uniletee."