Mwanga Uliotokea Ndani ya Almasi

Wapendwa, Bwana ametenda, nami nimefika hapa mbele kwa kusukumwa na akina mama wa kiti cha nyuma. Mimi si mtu wa kulia hadharani, kwa hiyo msiniandalie leso.

Wengi mwajua nasomea uzamifu wa fizikia hapa Kilifi. Nachukua punje ya madini, naibana kati ya ncha mbili za almasi kwa nguvu kama zilizo chini kabisa ya ardhi, kisha naimulika. Mwanga unaorudi naupima, na kutoka hapo natafuta kwa hesabu mambo mawili: ndani ya ile punje mwanga unapunguza mwendo kiasi gani, na unanyonywa kiasi gani. Ukiyakosa hayo, huna shahada.

Nilikwenda kupimia maabara ya ng'ambo. Siku ya mwisho almasi moja ikapasuka, punje ikawa vumbi. Sikujali sana, maana vipimo nilikuwa navyo. Nikarudi nyumbani, nikapiga hesabu. Ndugu zangu, nawaambia, jibu lilikuwa aibu. Mahali pengine lilisema punje yangu inanyonya mwanga chini ya sufuri, yaani inatoa mwanga mwingi kuliko inaopewa. Hata taa haifanyi hivyo bila stima.

Nikarudia, likaja lile lile. Msimamizi wangu akasema nipime upya, nami nikashindwa kumwambia punje haipo. Mficha uchi hazai, na mimi nikaficha. Yeye nikimwambia naendelea vizuri, na nyinyi hapa mkiniuliza nasema Bwana ni mwema. Idara ikanipa kwa barua hadi mwisho wa muhula, la sivyo nifutwe. Maji yakanifika shingoni. Nikafunga mizigo nikaenda kwa mama, kule Marafa, na moyoni nilijua sirudi.

Mama hakuniuliza kitu. Alikuwa amepika mafuta ya nazi, na alipokuwa akiyachuja uzi wa mkononi ukakatika, shanga alizoachiwa na marehemu nyanya zikatumbukia bakulini. Ni shanga za kioo kitupu, hazina rangi. Akaniambia, "Hebu nitolee, wewe una macho mazima."

Nikatazama, hamna kitu. Mafuta safi, bakuli laonekana mpaka chini, shanga hazipo. Nikaingiza mkono nikazigusa. Nikitoa moja inametameta, nikiirudisha inatoweka. Nikakaa nikifanya hivyo, natoa na kurudisha, mpaka mama akaniuliza kama nimerukwa na akili.

Kioo kikiwa hewani hurudisha mwanga. Kioo hicho hicho kikiwa ndani ya mafuta, hakirudishi karibu chochote. Kumbe kiasi kinachorudi hutegemea pia mwanga umetokea ndani ya nini kabla ya kukigonga. Na punje yangu haikuwa hewani, jamani! Mwanga uliifikia ukitokea ndani ya almasi. Mimi nilitumia hesabu niliyoizoea tangu shahada ya kwanza, nilipokuwa nikipima mawe ya kwetu Marafa juu ya meza, hewani.

Nikamwambia mama, "Nimekosea mwanzo."

Akasema, "Basi anza tena. Lakini kwanza shanga zangu."

Nilimpigia msimamizi, nikamweleza yote, pamoja na punje iliyosagika. Akasema kwamba ningemwonyesha hesabu yenyewe mapema, kosa angeliona siku ile ile. Hilo liliniuma kuliko barua ya idara. Nikapiga hesabu upya nikianzia ndani ya almasi, na majibu yakakaa sawa. Idara imeyapokea.

Namshukuru mama. Namshukuru msimamizi, aliyekuwa na haki ya kunikasirikia. Namshukuru dada mmoja wa hapa aliyekuwa akinipigia simu kila juma hata nisipopokea. Aliyekwama na aseme amekwamia wapi, hata kama anaona haya.

Na nyinyi mliosikia uvumi kwamba vipimo vyangu ni vibaya mkawa mkiomba vibadilike, Mungu awabariki. Havikubadilika hata kimoja. Vilikuwa sawa tangu siku niliyovileta.