Mstari Wenye Alama ya Kuuliza: Maisha ya Fundi wa Lifti

Leo, Jumamosi tarehe 16 Machi 2024, fundi wetu analazwa hapa kilimani, kando ya mtoto wake. Mpaka Jumatano saa nne asubuhi jambo hilo halikuwa na uhakika, na mke wake alikuwa hajameza hata uji. Sasa uhakika upo. Wasifu huu basi unasomwa mbele ya watu walioshusha pumzi, na yeyote anayetaka kutabasamu asione haya.

Alizaliwa tarehe 2 Juni 1951 katika shamba la baba yake, mwendo wa siku mbili kutoka hapa, mtoto wa pili na wa mwisho. Alitanguliwa na kaka yake, dereva wa basi mstaafu, ambaye wote mnamjua kwa jina la Breki. Walilala kitanda kimoja mpaka marehemu akafikisha miaka kumi na mitatu, na Breki husema mpaka kesho kwamba blanketi lilikuwa lake.

Alisoma shule ya msingi miaka saba, kisha akaenda chuo cha ufundi kuanzia 1970 hadi 1972, akapata cheti cha umeme na mitambo. Kwenye hesabu alikuwa moto. Mwandiko wake, tuseme ukweli, ulikuwa kama kuku amepita kwenye unga. Mwalimu mmoja alimrudishia daftari akamwambia, "Hebu nisomee wewe mwenyewe." Marehemu akasoma mistari miwili, wa tatu ukamshinda.

Tarehe 4 Februari 1974 aliajiriwa katika hospitali ya ghorofa saba kuwa msaidizi wa fundi wa lifti, akastaafu Juni 2011 akiwa mkuu wa mafundi. Lifti nne alizijua kwa sauti zao, kama mama anavyojua kikohozi cha kila mtoto. Mwaka 1998 ofisi ilibadilisha kompyuta, naye akapewa moja kuukuu. Hapo kwa mara ya kwanza maishani akaweza kusoma alichoandika jana. Alijaribu programu za kupangia kazi, zenye rangi na vikengele. Hii iligoma, ile ikadai kusasishwa kila wiki, nyingine ikameza kazi za mwezi mzima isitapike. Akaachana nazo. Akaweka kila kitu katika faili moja la maandishi matupu, kazi moja mstari mmoja. "Programu zina maringo," alisema. "Maandishi matupu hata kompyuta ikifa, unayahamishia nyingine yanafunguka."

Ndoa yake ilitoka humo humo kwenye lifti. Mwaka 1976 mke wake alikuwa mfuaji wa mashuka ya hospitali. Siku moja alikwama na kitoroli chake kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, dakika arobaini.

"Wewe fundi," alipiga kelele kupitia upenyo wa mlango, "unafungua au unahesabu nati?"

"Tulia, mama, nakuja."

"Mama yako nani? Nina miaka ishirini na miwili!"

Mlango ulipofunguka, marehemu alimwomba radhi kwa niaba ya lifti. Kesho yake lifti haikuwa na kosa lolote, ila fundi alikuja kuikagua wakati ule ule wa mashuka. Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1977, wakajaliwa watoto watatu. Wa katikati, binti, aliwatoka mwaka 1989 akiwa na miaka sita. Amelala hapa. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi wazazi wake walikuja kung'oa magugu, naye marehemu hakuwahi kukosa hata akiwa na zamu.

Mwaka 2019 daktari alisema moyo umepanuka. Dawa zikawa aina saba, na faili likafika mistari mia moja na arobaini. Akiketi mbele yake asubuhi, pumzi inakatika kabla hajagusa kitu. Mke wake akamwambia, "Fundi, kunja huo mkeka wa maneno. Nionyeshe ya leo tu."

Marehemu akatengeneza kijiprogramu kidogo cha kuchuja ya leo tu. Siku ya kwanza kikaonyesha ya mwezi uliopita. Siku ya pili hakikuonyesha kitu. Siku ya tatu alitaka kuitupa kompyuta dirishani. Mke wake, ambaye maneno marefu humchosha lakini tarakimu hazimtishi, alisogeza kiti akatazama.

"Mbona tarehe moja zote zimekaa pamoja? Ya Januari, ya Juni, ya Oktoba, zimebanana kama mapacha."

Marehemu alitazama, akajipiga kofi kwenye paji la uso. Alikuwa ameandika siku kwanza, mwezi, halafu mwaka, na mashine ikapanga kwa siku. Walikaa alasiri nne, mke anataja, mume anageuza, mwaka ukatangulia katika kila mstari. Mambo yakanyooka. Ili mke wake aweze kulisoma faili bila kuhangaika, akaweka alama mwanzoni: kistari kwa kazi inayongoja, x kwa iliyokwisha, na alama ya kuuliza kwa jambo ambalo siku yake haijulikani. Tangu hapo hakuna dawa iliyosahaulika nyumbani humo. Siku kazi zote zikiisha, kioo kiliandika, "Leo hakuna kazi," na marehemu alinyoosha miguu kama mfalme.

Tarehe 11 Machi 2024, Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, alikunywa dawa zake, akaweka x, akasema anapumzika kidogo kitini. Hakuamka.

Jumatano familia ilikaa sebuleni. Breki alitaka mdogo wake arudishwe shambani, walikolala baba na babu. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na uchungu. Mke wa marehemu akasema mume wake alitaka kulala kilimani na mtoto, na kwamba aliliandika.

"Aliandika wapi, shemeji?" Breki aliuliza. "Wewe mwenyewe jina lako unaliandika kwa kupumzika njiani."

"Napumzika, lakini nafika. Liko kwenye faili."

Binti yao mkubwa, mwalimu, akawasha kompyuta mbele ya wote. Kioo kikaandika: Leo hakuna kazi.

"Basi," alisema Breki. "Kompyuta imesema."

Mke wa marehemu alikitazama kioo. Ya leo tu: yeye ndiye aliyeiomba iwe hivyo, na sasa ilikuwa imemfichia neno la mumewe. Binti akajaribu kutafuta. Akaandika "mazishi", hamna. "Kaburi", hamna. "Kuzikwa", hamna. Breki akaanza kuzungumzia gari la kukodi.

"Mwanangu, acha maneno," mama akasema. "Baba yako hakupenda maneno hayo. Funga hicho kijiprogramu, fungua faili lenyewe, tupu kama lilivyo. Jambo hili halikuwa na tarehe. Tafuta mistari inayoanza na alama ya kuuliza."

Ilikuwa kumi na tisa. Binti akaisoma kwa sauti. "Kumuuliza fundi bomba kama bado yuko hai. Kujifunza kuogelea. Kumsamehe jirani wa kulia, kujaribu tena." Watu wakaanza kucheka pembeni. Kwenye mstari wa kumi na nne akamtazama mama yake, akasoma:

"? Mtakaponipeleka: kilimani, kando ya mtoto. Mke wangu anajua. Kaka, usibishane naye, hujawahi kumshinda."

Mabega ya Breki yakaanza kutikisika, na hapakuwa na aliyejua kama ni kilio au kicheko mpaka aliposema, "Ni yeye. Hata leo ananinyang'anya blanketi." Akainuka, akamshika shemeji yake mikono miwili. "Nisamehe, shemeji. Twende kilimani, nikapime mwenyewe." Ndiye aliyepima. Mchana huo mke wa marehemu alikula sahani nzima.

Marehemu ameacha mke, mfuaji wa mashuka mstaafu, binti, mwalimu, na mume wake, mtoto wa kiume, mchomeleaji, na mke wake, wajukuu watano, kaka mmoja, Breki, na lifti nne, ambazo zote zinafanya kazi. Ameacha pia mistari kumi na minane yenye alama ya kuuliza. Familia imegawana. Wa jirani wa kulia umebaki kwa mjane, na hana haraka nao.

Wa kumi na nne utafungwa leo. Tukitoka hapa, mke wake ataketi kwenye kile kiti, aifute alama ya kuuliza kwa kidole chake mwenyewe, na aweke x. Kioo kitaandika kile ambacho marehemu alipenda kukiona.

Pumzika kwa amani, Fundi. Nyoosha miguu. Leo hakuna kazi.